Maji Yanayosemwa Kuwa Yamepotea
Hotuba juu ya mto, malisho na akili ya kutumia neema za ardhi, iliyosomwa mbele ya jamaa wa Kiislamu wa Juba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake wote.

 Ama baad.

Mtu akisimama asubuhi juu ya daraja la Juba huyaona maji ya Bahr al-Jabal yakipita chini ya miguu yake kwa haraka, yamebeba vipande vya nyasi na matawi kutoka nchi za juu. Maji hayo ni wasafiri wa mbali. Yametoka Ziwa Viktoria, yakapita Ziwa Albert, yakaingia kwa Nimule, yakaruka mawe ya Fula, ndipo yakafika hapa. Kutoka Juba huteremka hadi Mongalla, kisha Bor; na huko mbele mto husahau kingo zake. Hutawanyika katika nchi tambarare, ukawa mikono mia na vidimbwi elfu, mafunjo na matete yakiufunika. Waarabu waliliita eneo hilo sadd, yaani kizuizi, kwa sababu lilizuia vyombo kupita, na jina hilo likabaki mpaka leo: Sudd. Mabaharia wa Misri walioongozwa na Salim Qabudan, kwa amri ya Muhammad Ali Pasha, ndio waliofaulu kupenya humo wakafika karibu na Gondokoro mwaka 1841. Mwaka 2006 Sudd iliandikwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima, kwa ukubwa wa hektari milioni 5.7.

Maji hukaa humo muda mrefu. Na yatokapo upande wa pili, kabla ya kufika Malakal, karibu nusu yake haipo. Tangu mwaka 1905 mto unapimwa pale Mongalla, na hesabu imekuwa ile ile: yaliyoingia ni mengi, yaliyotoka ni nusu tu.

Basi nusu hiyo imekwenda wapi? Swali hili laonekana kuwa ni la wahandisi peke yao. Hasha, si lao peke yao. Kwa ajili ya swali hili mikataba imeandikwa, damu imemwagika katika mitaa ya Juba, mtambo mkubwa umeachwa kushika kutu nyikani, na hata leo watu wa nchi hii wanabishana juu yake barazani na sokoni. Tena ni swali la dini, maana lahusu neno ambalo kila Mwislamu hulijua tangu chuoni: israfu, yaani kupoteza neema bila haki. Je, maji ya Sudd yanapotea?

Yafaa kuanza na hesabu ya yule asemaye kwamba yanapotea, na yafaa kuisikiliza kwa insafu. Misri ni nchi ya jangwa. Mvua yake ni haba mno, na maisha yake yote yamefungwa na mto mmoja. Watu wa Misri wameupima mto huo tangu zama za kale; kipimo cha kisiwa cha Rawda, mjini Cairo, kilijengwa mwaka 861 katika ukhalifa wa Al-Mutawakkil, na bado kinaonekana. Kosa la kipimo lilikuwa ni njaa. Kwa mtu wa namna hiyo, kusikia kwamba nusu ya mto huishia angani katika nchi ya mafunjo ni kama kusikia kwamba nusu ya mshahara wake huanguka njiani kila mwezi.

Kwa hiyo haistaajabishi kwamba mwaka 1904 Mwingereza William Garstin, aliyesimamia kazi za maji huko Misri, alitoa shauri uchimbwe mfereji kutoka Bor hadi karibu na mdomo wa Sobat, ili maji yapite kando ya vinamasi bila ya kutawanyika. Wala haistaajabishi kwamba mkataba wa mwaka 1959 baina ya Misri na Sudan, ulioipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan bilioni 18.5, uliweka pia sharti kwamba nchi mbili hizo zitashirikiana kuyaokoa maji yanayopotea katika vinamasi vya kusini, gharama nusu kwa nusu na faida nusu kwa nusu. Kilichokosekana katika karatasi hiyo ni mtu mmoja tu: mwenyeji wa vinamasi hivyo. Yeye hakuwa na kiti mezani.

Baada ya Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972, Juba ikawa makao ya serikali ya jimbo la kusini. Mwaka 1974 Misri na Sudan ziliafikiana kuchimba Mfereji wa Jonglei. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo uvumi ukaenea kwamba wakulima wa Kimisri wataletwa kwa mamilioni kuikalia nchi. Watu wakatoka barabarani hapa Juba, wanafunzi wakiwa mbele. Ghasia ikatokea na baadhi yao wakapoteza maisha. Abel Alier, aliyekuwa mkuu wa serikali ya jimbo, aliutetea mpango ule mbele ya Bunge la Jimbo, akatoa kauli iliyobaki midomoni mwa watu: ya kwamba ikibidi kuwapeleka watu peponi kwa fimbo, basi watapelekwa, kwa faida yao na ya watakaokuja nyuma yao. Alikuwa mtu mwenye nia njema, akiamini kwamba nchi maskini haina budi kuanza mahali fulani. Lakini pepo ya fimbo haijapata kujengwa na mtu yeyote ikakalika.

Kazi ikaanza mwaka 1978. Kampuni ya Kifaransa ilileta mtambo uliotengenezwa Ujerumani na uliokwisha kutumika Pakistani: gurudumu kubwa lenye ndoo za chuma, lililokula udongo usiku na mchana. Mfereji ulipangwa uwe wa kilomita 360. Zilipokwisha kuchimbwa takriban 260, vita vikawaka. Maasi yalianza Bor mwezi wa Mei mwaka 1983, na haikupita miezi mingi wapiganaji waliishambulia kambi ya mfereji, na kazi ikasimama kabisa. Mtambo ule ungali huko nyikani, umeota kutu. Na handaki lililobaki halipeleki maji popote. Limekuwa shimo refu ambamo wanyama hutumbukia, na ambalo wafugaji hulivuka kwa taabu.

Hapa lipo jambo la kuzingatiwa. Aliyeliongoza jeshi la waasi, Dk. John Garang, alikuwa msomi wa uchumi wa kilimo. Miaka miwili tu kabla ya vita, mwaka 1981, alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, kwa tasnifu juu ya maendeleo ya wakazi wa eneo hilo hilo la Jonglei. Hakuwa mtu wa kuchukia kila mfereji. Aliloliuliza ni kwamba mwenyeji wa pale atapata nini, mbali na kuyaona maji yakimpita.

Sasa na isikilizwe hesabu ya pili, hesabu ya mchungaji. Yeye hana karatasi, lakini ana kumbukumbu ya mababu. Mto unapofurika, maji hupanda taratibu juu ya nyanda zilizo kando ya vinamasi. Yanapokaa juu ya udongo, huutia rutuba. Yanaporudi nyuma wakati wa kiangazi, huacha nyasi mbichi. Malisho hayo Wadinka huyaita toich. Katika miezi ambayo nchi ya juu imekauka na udongo umepasuka, hakuna nyasi nyingine ya kumlisha ng'ombe. Wadinka, Wanuer na Washilluk huteremsha mifugo yao huko, wakaweka kambi, wakaishi kwa maziwa na samaki. Mvua zikirudi, hupanda tena kwenye miinuko, wakalima mtama. Mwaka mzima ni mwendo mmoja wa kuyafuata maji: yakisogea husogea, yakirudi hurudi.

Na samaki nao hufuata hesabu hiyo hiyo. Kambare na kamongo, perege na wengineo, huingia katika maji mafupi ya mafuriko kuzaa, kwa kuwa humo mna chakula na maficho. Mafuriko yasipokuja, hakuna uzao. Swala wa nchi hii, yaani kob wenye masikio meupe na nyamera, huhama kwa makundi makubwa baina ya malisho ya mvua na malisho ya mto. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2023, na matokeo yake kutangazwa hapa Juba mwaka 2024, ulikadiria wanyama wanaohama kuwa wapata milioni sita. Pengine hakuna uhamaji wa wanyama wa nchi kavu ulio mkubwa kuliko huo duniani. Hata mvuke wenyewe una kazi, maana huipoza hewa ya nchi ile. Kama vinamasi vingekauka, kiangazi chake kingekuwa kikali zaidi.

Basi yule anayepima mto Mongalla na Malakal asema: nusu imepotea. Na yule anayekaa baina ya Mongalla na Malakal asema: nusu hiyo ndiyo nyasi, ndiyo maziwa, ndiyo samaki, ndiyo mahari ya mwanangu. Wote wawili wamehesabu maji yale yale. Tofauti ni kwamba wa kwanza amehesabu kwenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, wala hakuingia nyumbani.

Wanazuoni wa zama hizi wamelipa jambo hili jina. Husema kwamba ziko aina nyingi za akili katika kuamua. Iko akili ya mfanyabiashara, inayouliza faida. Iko akili ya mwanasiasa, inayouliza nani ataridhika. Iko akili ya sheria, inayouliza haki ya nani. John Dryzek, mtaalamu wa siasa, aliandika mwaka 1987 kwamba juu ya hizo zote hapana budi iwepo akili ya mazingira, inayouliza kama ardhi na maji na viumbe vitaendelea kumchukua mwanadamu. Kwa sababu msingi huo ukibomoka, akili nyingine zote hazina mahali pa kusimama. Vernon Smith, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitenga baina ya akili inayobuni mpango mezani na akili iliyomo katika desturi, ambayo hakuna mtu mmoja aliyeibuni bali imekomaa kwa kujaribiwa mara nyingi. Na Elinor Ostrom, aliyetunukiwa mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya malisho, misitu na mifereji ya nchi nyingi kwamba watu wa kawaida wanaweza kuitunza mali ya shirika kwa karne nyingi, maadamu kanuni zimetoka kwao na zinalingana na mahali pao.

Haya si mageni kwa Mwislamu. Suratul Rahman inataja mizani iliyowekwa na Mwenyezi Mungu, na kuonya isipunjwe. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, amefundisha kwamba watu ni washirika katika mambo matatu: maji, malisho na moto. Lakini mfano ulio karibu kabisa na jambo la Jonglei ni ule wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake.

Imepokewa katika Sahih ya Bukhari kwamba Umar alitenga malisho ya hifadhi, ambayo Waarabu huyaita hima, akamweka mtumishi wake aliyeitwa Hunayy kuyasimamia. Alimuusia mambo mawili. Kwanza, aogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Pili, awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache waingie, na ajihadhari na mifugo ya matajiri kama Ibn Awf na Ibn Affan. Kwa maana hao mifugo yao ikifa, wana mashamba na mitende ya kurejea, lakini maskini mifugo yake ikifa atamjia Khalifa pamoja na watoto wake akilia, na Khalifa hawezi kumtupa. Kisha akatoa sababu ambayo mtaalamu yeyote wa uchumi wa leo angeikubali: maji na nyasi ni rahisi kwake kuliko kutoa dhahabu na fedha.

Wasikilizaji watukufu na walipime neno hilo. Umar hakusema kwamba nyasi ni nzuri kuitazama. Alisema kwamba nyasi ni nafuu kuliko sadaka. Malisho yakiwapo, maskini hujilisha mwenyewe na heshima yake haiguswi. Malisho yakiondoka, Baitulmali itamlisha, kwa gharama kubwa zaidi, na heshima yake imekwisha kupungua. Watu wa nchi hii wanalijua hilo kwa macho yao. Tangu mwaka 1989, ulipoundwa mpango mkubwa wa Umoja wa Mataifa wa kuleta chakula kusini mwa Sudan, wangapi wamelishwa kwa magunia yaliyodondoshwa na ndege? Njaa ile ililetwa na vita, wala haifai kuitupia mfereji lawama isiyo yake. Lakini imefundisha bei ya mambo. Gunia moja lililosafirishwa kwa ndege hadi Jonglei lina gharama ambayo nyasi za toich hazikupata kumtoza mtu.

Na ile israfu je? Imepokewa kwamba Mtume alimpitia Sa'd akitawadha, akamkataza israfu ya maji, hata kama mtu yuko kwenye mto unaopita. Mafundisho hayo ni hoja dhidi ya yule atumiaye kupita kiasi chake. Israfu ni kutoa kitu pasipo manufaa. Maji yanayootesha malisho ya maelfu ya mifugo na kuzalisha samaki wa maelfu ya nyumba yako katika kazi yake. Mwenye kuyataka kwa kazi nyingine ana haki ya kuyaomba, na jirani mwenye kiu asikilizwe. Lakini asiyaite yaliyopotea, maana kitu kikishaitwa kilichopotea, mwenyewe haulizwi tena.

Yafaa pia kupima jirani huyo angepata kiasi gani. Mpango wa mwaka 1974 ulitarajia kuongeza mita za ujazo bilioni 4.7 kwa mwaka, zigawanywe nusu kwa nusu. Fungu la Misri lingekuwa karibu bilioni 2.35, yaani takriban sehemu nne katika kila mia ya ile haki yake ya bilioni 55.5. Si kidogo kwa mwenye shida, wala si kitu cha kubadili maisha ya taifa. Kwa mwenyeji wa toich, upande wa pili wa mizani, lililowekwa ni kila kitu alicho nacho.

Hata hivyo, hotuba hii ingekuwa pungufu, tena ingekosa uaminifu, kama ingeishia hapo. Mto haukubaki ule ule. Baina ya mwaka 1961 na 1964 mvua kubwa ziliinua Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita mbili, na vinamasi vya Sudd vikapanuka mara kadhaa. Malisho mengi yakazama, na mifugo ikafa. Tangu mwaka 2019 jambo mfano wa hilo limerudi. Bor ilifurikwa mwaka 2020. Bentiu ikawa kama kisiwa, watu wakiishi nyuma ya kuta za udongo walizozijenga kwa mikono ili maji yasiwafikie. Watu wa Fangak walikula mizizi ya mayungiyungi. Mtu aliyesimama ndani ya maji hadi kifuani, ng'ombe wake wamekufa na shamba lake halionekani, akisema, "Chimbeni mfereji, maji yaondoke," huyo si mjinga wala si adui wa nchi. Ni mtu anayezama.

Ndiyo maana mwaka 2022 mabishano yalirudi kwa nguvu mjini Juba. Wako wasomi waliotaka mito izibuliwe na kazi ya Jonglei irudiwe. Wako wengine, wasomi pia, waliotia sahihi kupinga. Mitambo ya kuzoa tope ilifika kutoka Misri. Mwezi wa Julai Rais Salva Kiir aliamuru kazi isimame mpaka utafiti ufanywe na wananchi wasikilizwe. Neno lile, wananchi wasikilizwe, halikuwamo katika mkataba wa mwaka 1959.

Anayezama apewe jawabu la kweli. Mfereji uliopangwa mwaka 1974 ungechukua mita za ujazo milioni 20 kwa siku. Lakini katika miaka ile ya maji mengi baada ya 1961, mto uliopita Mongalla ulikuwa wapata bilioni 50 kwa mwaka, nao ni karibu milioni 137 kwa siku. Mfereji wote, kama ungekamilika, ungechukua takriban sehemu moja katika saba. Ungepunguza, haungekomesha. Na mwaka wa ukame ungechukua milioni 20 zile zile kutoka katika mto uliokonda, wakati toich inapozihitaji kuliko wakati wowote. Mfereji usio na mlango unaofungwa na kufunguliwa kwa maslahi ya mwenyeji humsaidia kidogo mwaka wa gharika na kumuumiza sana mwaka wa kiangazi.

Harold Hurst, Mwingereza aliyeutumikia Mto Nili huko Misri kwa zaidi ya miaka sitini, alizichunguza hesabu za kipimo cha Rawda akagundua jambo ambalo aliliandika mwaka 1951: miaka ya maji mengi hufuatana, na miaka ya maji machache hufuatana, kwa vipindi virefu kuliko mtu anavyodhani. Msomaji wa Suratu Yusuf hatashangaa. Saba ya neema na saba ya dhiki zimo humo. Somo la Nabii Yusuf, alayhis salam, lilikuwa hili: asiyepanga kwa miaka yote miwili, wa shibe na wa njaa, hakupanga. Ripoti kubwa ya wachunguzi wa Jonglei ilitolewa mwaka 1954, kabla ya ziwa kupanda. Waliotaka kuchimba baadaye walikuwa wakiupima mto uliokwisha kubadilika. Na anayetaka kuchimba leo kwa hofu ya mafuriko ya miaka hii michache, bila ya kufikiri juu ya ukame utakaofuata, analirudia kosa lile lile kutoka upande wa pili.

Kwa hiyo, kabla ya Mwislamu wa Juba kuunga mkono au kupinga mpango wowote wa maji, yafaa aulize maswali manne. Je, waliohesabu wameingia ndani ya nyumba, au wamehesabu milangoni tu? Je, mpango huu umepimwa kwa mwaka wa gharika na kwa mwaka wa ukame pia? Je, ukishindwa, waweza kurudishwa nyuma, au utabaki shimo nyikani? Na je, mwenye ng'ombe wachache ameulizwa kabla ya mwenye ng'ombe wengi? Maswali haya hayahitaji shahada. Umar aliyauliza kwa maneno ya mchungaji.

Leo Sudan Kusini, nchi huru tangu tarehe 9 Julai 2011, ina sauti ambayo mwaka 1959 haikuwapo. Mwaka 2024 iliridhia Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nili, na mkataba huo ukaanza kutumika mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Kiti kimepatikana mezani. Linalobaki ni anayekikalia ajue anamsemea nani.

Lakini asije mtu akadhani kwamba akili hii ni ya mabunge na mikataba tu. Juba hununua maji ya mto huu kutoka kwa magari ya matangi, na nyumba ya maskini huyalipia pipa kwa pipa. Akitawadha mtu kwa ndoo nzima palipotosha kibuyu, amemwaga haki ya jirani. Makhor ya mji huu, yanayopokea mvua na kuzipeleka mtoni, yamejaa chupa na mifuko. Mvua ikinyesha, uchafu wa sokoni huingia katika maji yale yale yatakayonywewa Mongalla na Bor. Msikiti wenye kisima una amana, na ua wa msikiti wenye mti una sadaka inayoendelea. Asiyeweza kulinda khor lililo mbele ya mlango wake, atatoa wapi haki ya kusema juu ya Sudd?

Bahr al-Jabal ulipita hapa kabla ya Juba kuwapo, na kwa idhini ya Mwenyezi Mungu utaendelea kupita. Watu wa Juba huyaona maji haya kabla ya kuingia Sudd, nao wanajua zaidi ya msafiri yanakokwenda. Yanakwenda kwa mwanamke wa Kinuer anayekamua maziwa alfajiri, kwa mvuvi wa Kishilluk, kwa ndama aliyezaliwa kambini, na sehemu yake kwa mkulima wa Misri, naye ni mja wa Mungu kama wao. Kuyagawa kwa haki ni kazi ngumu, na haitafanywa kwa fimbo, wala kwa gurudumu la chuma peke yake.

Mwenyezi Mungu awaondolee dhiki waliozungukwa na maji, awanyeshee waliokaushwa na jua, awape viongozi hekima ya kupima kabla ya kukata, na ajaalie mizani isipunjwe mikononi mwa umma huu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.